Mtoto mwenye shida ya kusikia: jinsi ya kumsaidia asikilize na aongee, hatua kwa hatua nyumbani

Kijana wangu alikuwa na miaka miwili na miezi minne tulipopata majibu kwamba hasikii vizuri, masikio yote mawili. Kabla ya hapo tulishaambiwa kila kitu. Watoto wa kiume wanachelewa kuongea. Baba yake naye alichelewa. Jirani akasema huyu ana udata, mpelekeni akakatwe chini ya ulimi atafunguka. Kuna kituo kimoja cha afya tulienda akiwa na mwaka na nusu, nesi akapiga makofi nyuma ya kisogo chake, mtoto akageuka, tukaambiwa mama nenda nyumbani, huyu anasikia.

Na kweli alikuwa anageuka. Mlango ukibamizwa anageuka, pikipiki ikipita anakimbilia dirishani. Ila sauti nzito alikuwa anazipata, sauti nyembamba hazipati, kwahiyo alikuwa anajua kwamba mtu anaongea lakini hajui anasema nini. Ni kama kusikiliza redio ya jirani kupitia ukutani, unasikia kabisa ni taarifa ya habari ila neno hata moja hulishiki.

Sasa hivi ana miaka mitano na anaongea mpaka bibi yake anamwambia mume wangu pumzika kidogo masikio yangu yamechoka. Mimi sio daktari, ni mama tu wa Tabata, Dar es Salaam, na haya ni yale tuliyofanya na tunayoendelea kufanya kila siku, mengi tumefundishwa na wataalamu na machache tumeyagundua wenyewe jikoni. Mtoto huyu hakujifunzia kuongea kliniki. Kliniki tulikuwa tunaenda lisaa limoja kwa mwezi, masaa mengine yote alikuwa na sisi.

HATUA YA KWANZA: jua anasikia kiasi gani

Achana na kupiga makofi, kugonga sufuria na kudondosha vijiko. Makofi yana upepo, sufuria ina mtetemo, na mtoto wa hivi ana macho makali kuliko unavyodhani, anaona kivuli chako. Alafu hata akisikia sufuria haimaanishi anasikia "s".

Kuna vipimo vya kweli na hakuna mtoto mdogo sana kwa hivyo vipimo, hata wa siku moja. Kuna kile cha kuingiza kiplagi kidogo sikioni, kinapiga sauti na kusikiliza kama sikio la ndani linarudisha mwangwi, dakika chache tu. Kuna kingine mtoto anabandikwa vibandiko vidogo kichwani akiwa amelala, mashine inasoma kama ubongo unapokea sauti, wengi wanakiita BERA. Akishakua kidogo, kuanzia kama miaka miwili na nusu hivi, anaweza kupimwa kwa mchezo, nitaueleza mbele. Malengo ya wataalamu ni mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, majibu kamili yawepo kabla ya miezi 3, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Kwetu watoto wengi wanazaliwa na kuruhusiwa bila masikio kuguswa, kwahiyo kama umechelewa kama mimi usikae kujilaumu, anzia ulipo, ila usipoteze hata wiki.

Kuna watoto wasiosubiri kabisa: aliyekaa chumba cha joto muda mrefu, aliyepata manjano kali akiwa mchanga, aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyechomwa sana sindano za gentamaisini. Na aliyeugua homa ya uti wa mgongo ndio wa haraka kuliko wote, kwasababu baada ya ule ugonjwa sikio la ndani linaweza kuanza kuota mfupa, na likishajaa mfupa hata upasuaji wa kuweka kifaa unakuwa mgumu. Mtoto wa hivyo masikio yapimwe mara tu anapopata nafuu. Msiseme tutarudi mwakani.

Ukipewa ile karatasi yenye mistari, odiogramu, usiikunje tu uweke kwenye mkoba, mwambie mtaalamu akueleze mpaka uelewe. Kulia kwa karatasi ndio sauti nyembamba, kushoto nzito, na alama ikishuka chini maana yake sauti inatakiwa iwe kubwa zaidi ndio asikie. Maongezi ya kawaida ya mtu aliye hatua moja yanacheza kwenye desibeli 60 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Wangu kwenye sauti nzito alikuwa 45 na kwenye nyembamba anashuka mpaka 75. Pale ndio nikaelewa kwanini pikipiki anaipata na jina lake halipati.

Na udata? Mtoto mwenye ulimi ulioshikana bado ukimwita anakuja na ukimtuma anaenda, kwasababu udata hauzuii kuelewa. Kama haelewi bila kukuangalia, tatizo sio ulimi. Na tafadhali msimwagie mtoto mafuta, kitunguu wala maziwa ya mama sikioni. Kama sikio linatoa usaha hiyo inatibika, na inabidi itibiwe kwanza.

HATUA YA PILI: mashine ya kusikia ikae sikioni muda wote akiwa macho

Mashine zinarekebishwa kwa kompyuta kufuata odiogramu ya mtoto huyo. Ya babu aliyefariki hapana. Zile za kuagiza mtandaoni zinazokuza kila kitu mpaka kelele hapana, zinaweza zisimsaidie au zikamuumiza. Kama shida ni kubwa sana na mashine haitoshi kuna kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji kwenye sikio la ndani, ambacho hospitali ya Muhimbili walianza kukiweka mwaka 2017, zamani watu walikuwa lazima waende India. Ila iwe mashine iwe kipandikizi, kazi ya nyumbani haibadiliki sana. Kifaa kinaleta sauti mlangoni tu, kuijua hiyo sauti ni ya nini ni kazi ya ubongo, na ubongo unajifunza kwa kusikia kitu kilekile mara nyingi mno.

Ndio maana masaa ni muhimu. Mtoto anayevaa masaa matatu kwa siku anapata sehemu ndogo tu ya anachopata mwenzie, alafu mwaka ukiisha tunashangaa haongei. Sisi siku ya kwanza alivaa dakika kama kumi akazitupa kwenye ndoo ya kudekia. Namshukuru Mungu ndoo ilikuwa tupu. Tulifanya hivi: anavaa wakati wa kitu anachopenda, uji, kubembea, kitabu cha magari. Akivua namrudishia taratibu bila kugombeza na bila kucheka, akivua tena narudisha, akiishiwa nguvu kabisa naweka pembeni nusu saa tunaanza upya. Kufika wiki ya pili akawa anavaa siku nzima isipokuwa kuoga na kulala. Kama anavua kwa kulia, angalia kwanza ndani ya sikio na nyuma yake kama kuna sehemu nyekundu, huenda moldi inambana.

Moldi ni ile ya laini inayoingia sikioni. Sikio la mtoto linakua haraka, kwa wadogo chini ya miaka mitatu inaweza kuhitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache, na utajua tu, mashine ikianza kupiga mluzi kila akitafuna au akilalia bega lako ujue sauti inavuja. Usipunguze sauti ili mluzi uishe, kabadilishe moldi.

Kuzuia kupotea: mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba, unafungwa kwenye mashine zote mbili alafu unabanwa na kibanio mgongoni kwenye nguo. Tumeshaokoa mashine mara nyingi hivyo, moja ilikuwa imening'inia juu ya shimo la choo.

Betri. Nyingi za watoto ni namba 13 yenye stika ya chungwa au 675 yenye stika ya buluu. Zinafanya kazi kwa hewa, kwahiyo ukishabandua stika subiri kama dakika moja ndio uiweke, na ukiibandika tena stika haikai kama mpya. Hizi betri ni hatari sana kwa watoto. Akimeza, au akajitia puani au sikioni, inaunguza nyama ndani ya masaa machache, kimbia hospitali hapohapo usisubiri itoke yenyewe. Uliza mashine yenye kifungo cha kufunga mlango wa betri.

Kwa sisi wa pwani adui mwingine ni unyevu. Kila usiku mashine zinalala kwenye kopo lenye mfuniko, ndani kuna silika jeli, mlango wa betri wazi. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vingi vimeshajaa unyevu kabla hujavipata, tafuta zile punje zinazobadilika rangi, zikibadilika unazikausha kwa moto mdogo zinarudi. Watu wanasema weka kwenye mchele, mimi sipendi, ule unga wa mchele unaingia kwenye vitundu.

HATUA YA TATU: sauti sita kila asubuhi

Hii inachukua dakika mbili na nisingeacha kwa chochote. Kuna mtaalamu aliitwa Daniel Ling alichagua sauti sita ambazo kwa pamoja zinagusa sauti zote za maongezi, kutoka nzito mpaka nyembamba. Kwa bahati nzuri zote ziko kwenye Kiswahili: mmm, u, a, i, sh, s.

Mkalishe, wewe kaa pembeni yake au nyuma kidogo asione mdomo. Sema moja, subiri, sema nyingine, usiende kwa mpangilio na usiweke nafasi sawa, maana anajifunza mdundo anaanza kukuotea. Mdogo sana atageuka, au ataacha kuchezea kitu, au atapanua macho. Mkubwa kidogo atainua mkono au atarudia. Anza umbali wa shibiri, kisha hatua moja, kisha upande wa pili wa sebule kama mita 3. Fanya sikio moja moja ikiwezekana.

Faida yake ni kwamba unajua leo, sio mwezi ujao, kama kuna kitu kimeharibika. Asubuhi moja zote alipata isipokuwa "s" na "sh". Nikakagua, kumbe kimpira cha moldi kilikuwa na tone la maji ndani. Nikapuliza, nikakausha, "s" ikarudi. Bila ile dakika mbili angeshinda siku nzima shuleni bila hizo sauti na mwalimu angesema leo mtundu.

Kabla ya kumvalisha sikiliza mashine mwenyewe pia, kuna kimpira maalum kama cha daktari, omba kliniki. Isikike safi, bila kukwaruza.

HATUA YA NNE: punguza kelele, sogea karibu

Mashine inakuza kila kitu. Wewe na mimi tunaweza kuongea na tivii imewashwa, pangaboi linazunguka na muuza samaki anapita nje, mtoto hawezi, kwake yote ni uji mmoja. Tivii izimwe, sio ipunguzwe, izimwe wakati wa kuongea nae. Kwetu huu ndio ulikuwa ugomvi mkubwa na baba mtoto siku za mpira, tukakubaliana mpira anaangalia kwa jirani.

Umbali ni dawa isiyo na bei. Ukipunguza umbali nusu, sauti yako inapanda desibeli 6 kwenye sikio lake bila kupaza. Kwahiyo usimwite kutoka jikoni akiwa sebuleni, nenda, inama, ongea karibu na mashine kwa sauti ya kawaida yenye kupanda na kushuka kama unavyoongea na mtoto yeyote. Kupiga kelele kunaharibu, vokali zinakuwa kubwa konsonanti zinabaki palepale. Na kutamka kwa kuvutavuta mdomo ku-nja-ku-la kunaharibu zaidi, hakuna mtu duniani anaongea hivyo.

Mvua ikinyesha kwenye bati, acha. Hapo hata mimi sisikii. Tunakaa tunachora.

HATUA YA TANO: ongea nae siku nzima, ila kwa akili

Wazazi wengi, mimi wa kwanza, tukishajua mtoto hasikii tunafanya makosa mawili. Tunaacha kuongea nae kwasababu hasikii, au tunamkalisha tunamwambia sema mama, sema maji, sema dada. Hakuna mtoto aliyejifunza lugha kwa "sema".

Fanya hivi badala yake. Unachofanya kitaje wakati unakifanya, na anachofanya yeye kitaje pia. Mimi nachambua mchele nae amekaa kwenye mkeka. "Mama anachambua mchele. Jiwe hili! Tunatupa jiwe. Tupa! Lingine tena. Jiwe lingine. Dogo hili." Kwa dakika kumi neno jiwe amelisikia mara thelathini, na kila mara jiwe lilikuwepo mkononi. Hiyo ni tofauti na kumwonyesha picha ya jiwe kwenye kadi.

Masikio kwanza, macho baadaye, masikio tena. Sema kwanza kabla hujaonyesha: "Twende tukavae viatu." Subiri. Asipoelewa, onyesha viatu. Kisha sema tena bila kuonyesha: "Ndio, viatu." Ukizoea kunyoosha kidole kila wakati, macho yanafanya kazi yote na masikio yanalala.

Kusubiri ndio kulinishinda zaidi. Ukishauliza au kusema, hesabu kumi moyoni ukimwangalia kwa uso wa kungojea. Ubongo wake unachukua muda kukusanya. Mara ya kwanza nilifika nne nikamalizia mwenyewe. Dada wa kazi ndio alikuwa mzuri kwa hili kwasababu yeye mwenyewe ana maneno machache.

Mpe sababu ya kuongea. Mpe kikombe hujaweka chai. Mpe kopo la karanga limefungwa kabisa. Mvalishe kiatu kimoja uinuke uende kama umemaliza. Atatoa sauti, yoyote ile, ipokee kama neno: "Ahaa, fungua! Unataka nifungue. Fungua!" Akisema neno moja wewe rudisha mawili, akisema mawili rudisha matatu. "Gari." "Gari limepita." Usimsahihishe kwa kumwambia sio hivyo, mrudishie tu ilivyo sahihi na maisha yaendelee.

Kwa wanaoanza kabisa, tumia sauti kabla ya maneno. Ng'ombe muuu, mbuzi meee, paka nyau, kuku ko ko ko. Hapa Kiswahili kimetupendelea sana, maana tuna yale maneno yenye sauti ya kitu chenyewe, na yale ya kukolezea. Kitu kinaanguka pu! Jiwe linazama chubwi! Mtu amelala fofofo, ndoo imejaa pomoni, shuka jeupe pe, nje giza tii. Mtoto anashika hizi haraka kwasababu ni fupi, zina mdundo, na zinakuja na tukio. Neno la kwanza la kijana wangu alisema miezi mitatu baada ya kuvaa mashine, ni "pu", na siku hiyo aliangusha kila kitu ndani ya nyumba.

Nyimbo nazo, hasa zile za kushikana mikono mnazunguka, imba bila ala za muziki na bila simu. Wimbo mmoja wiki nzima kila siku, alafu siku moja simama kabla ya neno la mwisho, subiri.

Lugha gani? Ile unayoota nayo. Kuna wazazi wanabadili wanaanza kuongea Kiingereza cha kubabaisha na mtoto kwasababu ya shule. Ukiongea lugha usiyoimudu unampa mtoto sentensi mbovu na fupi, na yeye anahitaji ndefu na tamu.

HATUA YA SITA: mwanzo wa neno

Hili sikuambiwa na mtu. Ushauri mwingi unaosambaa umetoka kwenye Kiingereza, wanasisitiza sana mwisho wa maneno. Kiswahili mambo yako mbele. Angalia: nitakula, sitakula, atakula, watakula. Nani anakula, na kama anakula au anakataa, yote iko mwanzoni, na mwanzoni ndio tunapapitisha haraka na kwa wepesi kwasababu mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho: ni-ta-KU-la. Mtoto mwenye shida ya kusikia anadaka penye mkazo, mbele panapotea.

Siku moja akiwa na miaka mitatu na nusu amekuja analia, "Mepiga!" Nikamtafuta mtoto wa jirani nimgombeze. Nae analia. Kumbe "mepiga" yake ilikuwa "nimempiga" na alikuja kukiri, masikini, mimi nikaenda kumgombeza aliyepigwa. Ile siku ndio nikakaa nikafikiria. Alikuwa ananiambia kwa usahihi kabisa alichokuwa anakisikia kutoka kwetu.

Na "s" ya kukataa ndio mbaya zaidi maana ni sauti nyembamba kuliko zote. Nina na sina. Kwa sikio lake vinakaribia kufanana, ila kwa maana ni mbingu na ardhi.

Tulichofanya ni mchezo wa karanga. Ngumi mbili, moja ina karanga. Nafungua yenye karanga, "Niiina!" kwa sauti kamili. Nafungua tupu, "Ssssina," kwa kunong'ona ile "s" karibu na mashine. Kunong'ona kunasaidia kwasababu zile sauti nzito zinapungua, "s" inabaki inajitokeza. Kisha zamu yake yeye kushika ngumi. Wiki mbili hivi kila jioni, baadae nikaacha kuvuta ile "s" nikaisema kawaida. Ukiendelea kuvuta milele atajifunza "sssina". Baada ya hapo tukaenda kwenye kijiko na vijiko, kiti na viti, alafu anakuja na wanakuja, mara moja moja wakati wa kupanga meza. Kila aina ilichukua wiki kadhaa, hakuna haraka.

HATUA YA SABA: michezo ya kusikiliza, kwa ngazi

Ya kwanza ni kusikia ipo au haipo. Mtoto anashika punje ya maharage ameiweka shavuni karibu na sikio. Ukisema "baa" nyuma yake anatia kwenye kopo. Akitia bila sauti, mshike mkono taratibu, "bado, sikiliza." Anza na mtu mzima akifanya nae, akielewa mwachie. Huu ndio uleule mchezo watakaomfanyia kliniki, mtoto aliyeuzoea nyumbani anapimika vizuri na mashine inarekebishwa kwa uhakika.

Ngazi inayofuata ni urefu. Weka mbele yake ndizi, maji na pikipiki ya kuchezea, muulize iko wapi pikipiki ukiwa umekaa pembeni yake asione mdomo (usiuzibe kwa kiganja, kinapunguza sauti). Pikipiki ni ndefu, ataijua. Akiweza hiyo, maneno ya urefu sawa yenye vokali tofauti, kuku na kiti. Ya mwisho ndio yanayotofautiana sauti moja, saa na taa. Usianze na saa na taa, utamkatisha tamaa bure.

Kisha kumbukumbu: "leta kijiko na kikombe", baadae "weka kiatu cha baba chini ya kiti". Akishindwa rudi ngazi moja nyuma, malizia na kitu anachokiweza.

LINI UWE NA WASIWASI, na kuhusu lugha ya alama

Umri wa kusikia hesabu tangu siku alipovaa mashine, sio siku aliyozaliwa. Mtoto wa miaka mitatu mwenye mashine ya miezi sita usimlinganishe na binamu yake wa miaka mitatu. Lakini hiyo isiwe kisingizio. Kama amevaa siku nzima, moldi nzuri, betri nzima, na baada ya miezi mitatu minne huoni mabadiliko yoyote, hata kugeuka kwa jina lake, rudi, omba apimwe akiwa na mashine masikioni, uliza kama anahitaji kipandikizi.

Na wakati unasubiri usimwache mtoto bila lugha. Kuna watu wanaogopa kwamba akijifunza alama atakuwa mvivu wa kuongea, mimi sijaona hivyo. Mtoto anayeweza kukuambia kwa mikono kwamba tumbo linamuuma ni bora kuliko anayelia tu, na kuna watoto ambao kusikia hakutatosha hata iweje, hao lugha ya alama ndio lugha yao kamili, Kenya imo mpaka kwenye katiba ya 2010. Sisi tulitumia alama chache mwanzoni, nyingine akaziacha mwenyewe maneno yalipokuja. Wakati wa kuogelea baharini na kuoga mashine haipo sikioni, hapo alama bado tunazitumia.

SHULE NA DAFTARI

Kabla hajaanza chekechea nilienda na mashine moja mkononi, nikamwonyesha mwalimu jinsi ya kubadili betri, nikamwachia pakiti. Nilimwomba vitu vitatu tu. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha la barabarani. Mwalimu akiongea asigeukie ubao. Akitaka kujua kama ameelewa asimuulize "umeelewa?", maana atajibu ndio siku zote, amwambie arudie alichoambiwa. Na watoto wenzie nao waelezwe, waliombwa wasiishike tu, siku ya tatu wakawa wao ndio wanakuja kusema mwalimu imetoka.

Mwisho nina daftari la kaunta, kila siku mstari mmoja. Sauti sita ngapi kapata, umbali gani, masaa amevaa, neno jipya. Nikienda kliniki mtaalamu analisoma kabla hata hajawasha kompyuta, na kuna mara mbili amebadilisha mpangilio wa mashine kwasababu tu aliona kwenye daftari "s" ya mita 3 imekuwa inakosekana sikio la kushoto kwa wiki nzima. Mstari wa Jumanne iliyopita nimeandika: zote sita mita 3, masaa 12, usiku mezani kasukuma sahani akasema "sijashiba", hakuna aliyemuuliza.